Umeamka?

Miaka thelathini na mmoja Leida Kuusk
aliunganisha sauti za watu wa Haapsalu:
waya huku, waya kule, "Subiri kidogo. Haya, ongea."
Harusi, misiba, bei ya viazi,
vyote vilipita masikioni mwake
naye hakutia neno.

Sasa ana themanini na mbili, goti la chuma,
na simu aliyotumiwa na mwanawe kutoka Perth.
Mjukuu alimwekea maandishi makubwa kama ya mabango,
akamwonyesha: bonyeza hapa, bibi. Si hapo. Hapa.
Kisha akawahi basi.

Picha ya kwanza aliyotuma ilikuwa kidole gumba chake.
Watu kumi na tisa waliipenda.

Asubuhi hutuma kipimajoto cha dirishani:
hasi kumi na moja. Hasi kumi na nne.
Mwanawe huweka moyo mwekundu.
Moyo tu. Leida huutazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Zamani mtu akikata simu, taa ilizimika ubaoni,
ukajua kamaliza. Hii haizimiki.
Ameona, inasema. Saa tatu na dakika sita, ameona.

Kuna usiku hukesha hadi saa nane
akitazama wajukuu wa wenzake wakikata keki,
magoti ya wenzake yakipona,
na kukicha anasahau dawa ya presha.
Daktari alimuuliza kwa nini halali.
Alisema ni upepo.

Lakini yuko Heino wa Valga, fundi saa mstaafu.
Walikutana kwenye ubishi wa matango ya siki:
yeye hutia majani ya mwaloni,
Leida anasema huo ni upuuzi.
Hawajaonana kamwe. Saa moja kamili humwandikia:
Umeamka?
Naye: Nimeamka. Hasi tisa.

Jumanne ile neno halikuja.
Saa moja u nusu. Saa mbili.
Leida hakutuma kiuso kinacholia.
Alivaa miwani, akaketi wima kama yuko zamu,
akapiga Valga: duka la dawa, hapana,
kanisani, hapana,
zimamoto, "Subiri kidogo, mama"
(yeye, kuambiwa subiri!)
hadi mlango ukavunjwa, Heino akakutwa
sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, yu hai,
simu imeisha chaji, anagombana na paka.

Wiki mbili baadaye, kwa kidole cha nesi, akaandika:
Majani ya mwaloni. Jaribu tu.

Leida hakujibu papo hapo.
Alimwacha kwanza aone
kwamba ameona.