Kiti cha Safu ya Tatu

Ña Ceferina hakuniachia kalamu.
Aliniachia kiti: safu ya tatu, pembeni,
mguu mmoja umewekewa kipande cha kadibodi
kisiyumbe diwani anaposoma hesabu.

Miaka thelathini na minne, kila Jumanne,
alikikalia katika ukumbi wa baraza la Pilar,
chupa ya terere baridi kati ya magoti,
nje mto Paraguay ukipanda ngazi.
Mara nyingi umma wote ulikuwa yeye.
"Leo wananchi wamefurika," karani alimtania,
naye akajibu bila kuinua kichwa:
"Andika: mmoja."

Usimdhanie shujaa. Aliandika bei ya mihogo,
ng'ombe aliyepotea na alama zake,
mazishi, nani kafaulu mtihani.
Lakini magunia mia mbili ya saruji ya shule
yalipoingia kitabuni yasitokee ukutani,
alitoka na utepe wa fundi cherehani, akapima
ua wa shemeji yake meya, tofali kwa tofali.
Wiki ile tangazo la duka la meya halikuja.
Wala la benki.
Tulikula mihogo mikavu mwezi mzima,
na bei yake tukaichapa.

Na alikosea. Aliwahi kumwita mwizi
Eligio Barrientos, mwashi,
aliyebeba tu alichoambiwa abebe.
Alikwenda mlangoni kwake kwa miguu,
akasimama juani hadi akafunguliwa.
Masahihisho yakatoka ukurasa wa kwanza,
kwa herufi nene zilezile zilizomchafua.
"Kosa likipiga zumari barabarani," aliniambia,
"radhi isinong'one uvunguni."

Siku za jenerali, mimi sijazaliwa,
gazeti lilitoka na pengo jeupe katikati:
askari alikata, mhariri akakataa kuziba.
Watu walilinunua kwa ajili ya lile pengo.
Walilisoma, anasema, kwa sauti.

Sasa macho yake yameingia ukungu.
Kila Jumatano ananiuliza swali moja tu:
"Ulikuwepo?"

Jana nilikuwepo. Miayo, feni, inzi.
Mheshimiwa alipita juu ya tarakimu
kama paka juu ya makaa.
Nikanyoosha mkono. Sauti ilikwama, ikarudi:
"Rudia hapo, mheshimiwa. Milioni ngapi?"

Akanitazama. Akakitazama kiti.
Akarudia.