Mahali Ilipo

Nilitumwa Chiloé na fomu arobaini,
niziorodheshe nyumba za mbao zilizotimiza miaka mia.
Kisiwa cha mvua. Mvua ya ubavuni,
inayokupenya shingoni kama maneno ya mkwe.

Makanisa hayakunisumbua.
Kanisa hulikuta ulipoliacha:
mnara wa pembe nane, nyota za bati darini,
boriti zilizoungwa na mafundi wa mashua,
hata ukitazama juu unaona tumbo la chombo kilichopinduliwa.
Nilipima, nikaandika, nikapiga muhuri.

Ya Bi Ercilia Nahuelquín ndiyo iliyonitoa jasho.
Vigae vya mti wa alerce, vimelaliana kama magamba,
kijivu upande unaopigwa na mvua, kahawia upande mwingine.
Mwaka wa kujengwa: 1897, umekwaruzwa kizingitini kwa kisu.
Mjenzi: babu yake Belisario, na shoka moja.
Mahali ilipo —

"Lini?" akauliza.

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia.
"Nimekusikia, mwanangu. Nauliza lini.
Ilizaliwa kule rasini.
Baba na kaka yake walipogombea kisima, baba akaivusha ghuba,
ikaelea juu ya mapipa, mashua sita zikiivuta,
na mama yumo ndani anakaanga viazi,
kakataa kuteremka: moto ukizimika, nyumba huugua.
Mwaka wa sitini ardhi ikatikisika, ikadidimia,
bahari ikaingia jikoni bila hodi.
Tukaivuta hapa.
Jumamosi inakwenda kwa Rosalba, juu kilimani.
Ana watoto watatu na paa la plastiki.
Andika uwezavyo."

Niliandika, nikafuta. Kifutio kikatoboa karatasi.
Fomu haina nafasi ya kitenzi.

Kwetu mjini nyumba ndizo hukaa, watu wakapita,
majina kwenye kengele yakibandikwa moja juu ya jingine.
Mimi nimehama mara tisa
na sikumbuki mlio wa mlango hata mmoja.

Siku ya kwanza nilikuwa mgeni; ya pili, mgeni.
Ya tatu ilikuwa Jumamosi.
Jembe sikupewa. Nilipewa kamba.

Walikuwa wameng'oa milango na madirisha,
wameifunga mihimili ya msalaba kifuani,
wameikalisha juu ya magogo mawili yenye ncha kama ndimi.
Maksai jozi kumi na mbili. Watu sikuhesabu,
wala hakuna aliyelipwa. Ulikuwa msaragambo:
nyama, viazi vilivyofukiwa kwa mawe ya moto,
na deni, litakalolipwa siku nyumba ya jirani itakapotaka kutembea.
Tránsito Chiguay akapaza sauti mara moja tu.
Magogo yakalia.
Nyumba ikasita, kama mtu mzima anayeinuka kitini,
halafu ikaja.

Nusu ya mlima kamba ya kushoto ikakatika.
Ikarudi nyuma hatua saba, minane, imetugeuzia uso,
na sisi wote tukanyamaza kama tuliofumaniwa.
Moshi uliendelea kutoka kwenye bomba lake.
Mtu akacheka. Wakaunga kamba.
Viganja vyangu vilitoka ngozi; siku nne sikushika kalamu.

Ofisini wameirudisha fomu mara mbili.
Wanataka nukta kwenye ramani.

Lakini Bi Ercilia hakupanda nayo.
Nilipogeuka nilimwona huko chini,
amesimama kwenye mstatili wa udongo mweupe,
pahali pakavu pekee kisiwani,
ambapo tone halijagusa tangu mwaka wa sitini.
Aliinama, akaokota kijiko, akakipangusa kwa aproni.
Mvua ikaanza kumzunguka,
ikichunguza kingo kwanza,
kama ng'ombe aliyefunguliwa zizi
na bado haamini.