Safu ya Maelezo

Kamati ya maji ilinipa funguo ya kilula,
rula, daftari gumu la kurasa mia mbili,
na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa katani
isije ikapata miguu.
Safu ya kwanza tarehe. Ya pili jina.
Ya tatu ndoo, ya nne fedha.
Ya tano imeandikwa juu kwa herufi kubwa: MAELEZO.
Miezi minne sikuweka kitu humo.
Maji ni maji. Utayaeleza nini?

Kisha siku moja ya kiangazi, Kigwe nzima imenyamaza kwa jua,
Nyemo wa kina Chilewa alijikwaa pale penye jiwe,
na kabla ulimi haujafika kwenye pole
niliyaona maji aliyoyamwaga.
Hayakunyweka mara moja.
Yalijiviringa juu ya vumbi, shanga kwa shanga,
kila shanga imejipaka udongo mwekundu,
zikakimbia kidogo, kama zimeitwa,
ndipo ardhi ikazimeza.
Mtoto analia. Nikamjazia ndoo nyingine
(hamsini yake niliitoa kwenye khanga yangu),
na kwenye safu ya tano nikaandika:
Maji yamekuwa shanga.

Tangu hapo safu ile ina njaa.

Tarehe kumi na mbili. Nyuki amesimama kwenye mdomo wa koki,
anakunywa tone ambalo halijaamua kuanguka.
Tumbo lake linapanda, linashuka: mvukuto wa mhunzi
asiyetaka kuamsha mtu.

Kumi na tatu. Punda wa Malogo hufumba macho dumu likijazwa.
Mlio wa maji unaanza mnene, unapanda, unakuwa mwembamba,
na ukikaribia shingo, huyafumbua.
Nimemjaribu mara sita. Hajakosea.
Mimi nimemwaga mara mbili.

Kumi na tisa. Chamchela imepita uwanja wa shule
ikaondoka na karatasi ya hesabu.
Nimeiona tiki nyekundu ikizunguka juu ya ghala la mtama,
ya mtoto gani sijui, lakini alipata.

Ishirini. Hakuna.

Ishirini na moja. Hakuna. Kichwa kinauma, foleni ndefu,
wamegombana kwa ajili ya kopo.
(Sikutaka kudanganya. Daftari ni mali ya kijiji.)

Mwezi wa kumi bomba lilikauka siku tano.
Ndoo sifuri, fedha sifuri, sifuri zimepangana
kama vyungu visivyo na mwenyewe.
Nilikwenda hivyo hivyo, nikakaa na funguo yangu.
Siku ya tatu nilifungua koki, nikatega sikio:
ndani kabisa, mtu kama anapuliza chupa,
mbali, chini ya kijiji,
bila haraka yoyote.
Nikaandika hilo. Lilikuwa ndilo tulilopata.

Mhazini Ndahani alikuja kukagua.
Kidole kikateremka kwenye ndoo, kikateremka kwenye fedha,
midomo inajumlisha,
kikavuka mstari.
“Damari. Hii nini?”
Maelezo.
“Maelezo ni koki mbovu. Maelezo ni deni.”
Akasoma. Akafunua nyuma, akasoma tena pale pa punda.
“Futa.”
Nikachukua rula, nikapiga mstari mmoja mwembamba
katikati ya maneno, kama wanavyotaka watu wa hesabu:
kilichofutwa lazima kisomeke.
Akashika kalamu ili atie sahihi.

Ndipo Malogo akafika, madumu manne na mnyama wake.
Nikafungua.
Maji yakaanza mnene.
Punda akafumba macho.
Mhazini alisimama juani, faili kwapani,
sahihi imeishia kwenye N,
anamtazama punda usoni kama anayedaiwa jibu,
na ule uzi wa katani umevutika, umenyooka,
toka mkononi mwake hadi kwenye daftari.