Nitakujibu Jumatatu

Tangu ofisi ihamie Mtumba
nauli naiandika kwenye kalenda ya ukutani,
na Jumapili naomba lifti ya kwenda Hombolo kwa mama
hadi wenye magari wameanza kunikwepa kanisani.
Basi nikasema: mwaka huu, kigari.
Kidogo tu. Kinywe mafuta kama mgonjwa anavyokunywa uji,
kisinidai kitu kila Jumamosi.

Nilianza na jipya, Barabara ya Dar,
nyuma ya kioo kisicho na alama ya kidole.
Kijana wa tai akanifungulia mlango;
ulipojifunga ulitoa sauti ya Biblia mpya.
Viti bado vimevikwa nailoni.
Kilomita kumi na moja, zote za kupakiwa na kupakuliwa.
Akataja dhamana: miaka mitatu.
Akataja mkopo: miaka sita.
Nikauliza, na ile mitatu inayobaki, mimi na nani?
Akacheka vizuri, kama gari lake.

La pili lilikuwa Nkuhungu. Nikaenda na fundi Ndahani.
Jeupe, mlango mmoja mweupe zaidi.
Ndahani hasalimiani na mtu kabla ya gari.
Alifungua kifuniko cha oili, akakinusa
kama mama anayeshuku maziwa.
Kijiti akakifutia suruali, akakichovya, akakipeleka juani.
Akabonyeza kona ya mbele: ikainama, ikainuka, ikainama tena.
"Shokapu," akasema, akakunja kidole kimoja.
Dashibodi ilisema elfu themanini na mbili;
mpira wa breki, ulioliwa hadi chuma,
ulisema namba nyingine.
Chini ya zulia, vumbi la tabaka tatu:
jekundu la hapa, jeupe la Bahi,
na jeusi ambalo hakuna aliyetaka kuliulizia.
Chini ya kiti, soksi ya mtoto, ya mguu mmoja.

Kisha akalala juu ya kipande cha boksi, akazama,
tukamsikia akijisemea huko chini:

    Gari jipya ni mgeni, hujamjua tabia,
    kuukuu la jirani lina mengi ya kwambia;
    usitazame usoni, rangi huja kwa rupia,
    lala chini uvunguni usikie likilia.

Mwenye gari, Mwalimu Mbeleje, mstaafu wa hesabu,
alikuwa kibarazani, miwani minene kama vitako vya chupa.
Hakukanusha kitu. Aliongeza.
"Kioo cha nyuma hakishuki tangu uchaguzi uliopita.
Mlima wa Kolo kiligoma mara mbili;
nilikizima, nikala muhogo, kikakubali.
Kilomita alizirudisha aliyeniuzia mimi. Wewe usizirudishe.
Asubuhi kipe dakika mbili. Hata wewe huamki ukiimba.
Ninakiuza kwa ajili ya macho tu."

Nikataja bei. Yeye hakutaja yake.
"Endesha," akasema,
akaketi kando yangu, akafumba yale macho,
tukashika njia ya Arusha kuelekea Msalato.
Nilichelewa gia ya tatu;
akavuta pumzi kama aliyechomwa sindano.
"Unalala saa ngapi?"
"Nani anakudai?"
"Kikikuzimikia porini saa nane ya usiku, utakipiga teke?"
Mtu mzima, mtumishi wa umma, mwenye kitambulisho shingoni,
nikajibu: "Hapana, mwalimu."

Nilikuwa nimekuja na orodha ya maswali ishirini.
Ilibaki mfukoni, ikalowa jasho.

Tuliporudi alishuka akipapasa, akaweka kiganja juu ya boneti,
akakiacha hapo,
kama kwenye paji la uso la mtoto mwenye homa.
Ndahani alifuta mikono, akanikonyeza: chukua.
Hela nilikuwa nazo, kwenye bahasha ya kaki.
Nikatania: "Nafanya kazi Mtumba, nitaendesha mtumba."
Hakucheka.
Aliomba ile soksi, akaikunja mara mbili,
akaitia kwenye mkoba wake.
"Nitakujibu Jumatatu."