Nikatie Vinne

Mkasi wetu umefungwa kamba kwenye msumari wa kaunta
usitoroke.
Ni wa cherehani, si wa dawa.
Miaka kumi na mmoja unakata karatasi ya fedha
hapa Kiboriloni, mlango wa tatu toka kwa muuza ndoo,
na fedha ndiyo iliyoula makali.

Bibi Ndeambiliasia hushuka toka Tela siku za soko.
Hataji dawa. Husema: nikatie vinne.
Sarafu zake zina utomvu wa mgomba, zinanata,
nazibandua moja moja kama anayechuma.
Mshare zikinunuliwa, vinne.
Zikidoda, viwili.
Mvua ikipiga sokoni
husalimia tu, akapita.

Hospitali ana kadi ya mzee,
kwenye picha amekaza macho kama anayedaiwa.
Dirishani wanampisha. Shikamoo bibi, pita mbele.
Naye hupita mbele, haraka,
afike haraka kwenye neno “imeisha”,
apewe haraka kikaratasi: kanunue nje.

Nje ni mimi.

Ijumaa huja dereva wa mzee Elinaza na orodha.
Huyo hanunui kwa vidonge, hununua kwa miezi;
boksi linatoka na kamba yangu haitikisiki.
Simsemi vibaya. Hunitumia salamu, na parachichi msimu wake.
Aliposema dawa ile inamvimbisha miguu
ikaagizwa nyingine, Nairobi,
ikafika kabla ya Jumapili.
Bibi naye ilimvimbisha miguu.
Akaacha raba, akavaa kandambili.

Wote wawili nimewapima mimi,
kwa kitambaa kile kile cha kukaza mkono.
Mia sabini na kitu, huyu na yule.
Kitambaa hakikuuliza mtu anakaa wapi.

Jumatano akaja na leso.
Daktari mgeni, kijana, kamuuliza:
bibi, unatumia dawa gani?
“Nikamwambia ile nyeupe ndogo.
Akasema nyeupe ndogo ni nyingi.”
Akaifungua leso juu ya kaunta:
vipande vyote nilivyowahi kumkatia,
vitupu, vimekunjamana,
hakutupa hata kimoja.

Tukaanza kulitafuta jina.
Hapa AMLO. Pale PINI.
Hapa mwezi usio na mwaka,
hapa mji wa kiwanda, nusu yake.
Kila mara mkasi wangu ulipita katikati ya jina.
Nikaleta gundi. Mteja wa panadoli akasubiri, akaondoka.
Nikalibandika nyuma ya risiti, silabi kwa silabi,
bibi akishika taa ya simu
kama tunamtoa mtu mwiba.

Jina likasimama.
Na vile vipande, vilipolala kwa safu,
nikaona ni vichache.
Mwaka una siku zake.
Nikahesabu moyoni, lakini macho yalitembea
naye akayaona yakitembea.
“Acha,” akasema. “Mwenyewe nimeshahesabu.”

Akaikunja risiti, akaitia kifuani.
“Leo vitatu. Mshare zimelala.”

Nikaigeuza karatasi mpya.
Nikakata kwa kulizunguka jina, polepole,
kona, kona, hadi mwisho wenye tarehe,
vikatoka vitano.
Nikasema: mkasi huu mbovu, bibi, hausikii.

Akautazama mkasi.
Akanitazama.
Kwa ukucha wenye utomvu akakunja, akarudi kukunja,
akavitenga viwili, akavisukuma upande wangu.

“Hivi bado si vyangu.”

Viko hapa, kando ya msumari.
Ndivyo vilivyobaki na jina zima.