Shibe ya Kaboni

Nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri,
na mtungi wa gesi nje ya ukuta wa jiko umegoma.
Haujakwisha. Ukiutikisa unasikia chubwi:
propani imelala humo majimaji, haitaki kuamka,
na butani ndiyo kabisa, imelala tangu Oktoba.
Mama anaumwagia maji ya uvuguvugu
kama anayemwogesha mgonjwa.

Siku hiyo Mwalimu Kyydaana aliingia darasani
na kofia yake ya manyoya, wala hakuivua.
Akaandika C ubaoni, akaipa mikono minne,
kila mkono akaushikisha H.
"Methani," akasema. "Hii imeshiba.
Haina mkono mtupu wa kumpa mtu.
Imwagie asidi, haigeuki. Imwagie magadi, haijali.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Akaunga kaboni mbili, tatu, nane,
mnyororo ukavuka ubao, ukaendelea kwa chaki
juu ya rangi ya kijani ya ukuta.
"Fupi ni hewa. Za katikati ni petroli.
Ndefu zinavutana zenyewe kwa zenyewe, zinaganda:
ni nta, ni mshumaa, ni ule uji mweupe
unaoziba mirija ya malori yenu."

Aliposema "yenu" alinitazama mimi,
halafu akatazama dirisha.

Baba yangu, Uybaan, alikuwa dereva.
Huku kwetu Vilyui injini haizimwi tangu Novemba;
ukiizima, dizeli inakuwa samli,
nawe unakoka moto chini ya tangi huku unaomba.
Baba hakuizima.
Alilala ndani ya lori, kilomita ya mia mbili na kumi na mbili,
theluji ikalifukia bomba la moshi bila haraka.
Asubuhi wakamkuta mashavu mekundu
kama mtu aliyetoka kucheka.

Alasiri tukashuka ziwani, wanafunzi kumi na mmoja.
Chini ya barafu viputo vyeupe vimepangana,
sahani juu ya sahani, vyombo vya arusi isiyofanyika.
"Majani ya zamani sana yanaoza huko chini," akasema.
"Vijidudu vinayala, kisha vinapumua hii."
Ayhal akatoboa kwa keekee. Mwalimu akasogeza kiberiti.

Moto ukasimama, mrefu kumshinda Ayhal,
Ayhal akaanguka matako chini, tukacheka
mpaka meno yakauma kwa baridi.

"Mnaona? Shibe yote ile, na cheche moja tu.
Methani moja inadai oksijeni mbili.
Ikizipata, kaboni inaondoka mikono imejaa,
haidrojeni zinakuwa maji, deni limelipwa."

Nikauliza, na nilijua ninachouliza:
"Na zikipungua?"

Hakujibu upesi. Alikung'uta barafu kwenye buti,
la kulia, kisha la kushoto.
"Zikipungua, kaboni inaondoka na oksijeni moja.
Hiyo haijashiba. Haina rangi, haina harufu, ina njaa.
Ikiingia kifuani mwa mtu inaing'ang'ania damu yake,
na oksijeni ikija inakuta kiti kimekaliwa."

"Mtu huyo anasikia maumivu?"

"Anasikia usingizi."

Moto ukashuka, ukabaki ulimi wa buluu
ukilamba ukingo wa tundu.
Kope zangu zilikuwa nyeupe, zimeshikana.
Mwalimu akazipangusa kwa glavu.
"Ni maji ya moto ule," akasema. "Yamezaliwa sasa hivi."
Sikumwambia kwamba si yote.

Nyumbani mtungi ulikuwa umekubali.
Mama alikuwa anachemsha samaki, jiko linavuma,
vioo vya madirisha vimejaa jasho.
Nilipanda kiti, nikafungua kile kidirisha cha juu
upana wa kidole kimoja.
Baridi ikaingia kama kisu.

Mama alikiona. Akafunika sufuria,
akajitupia shali mabegani,
hakuniambia nikifunge.