Athari

Fomu ina safu iliyoandikwa Athari,
na mimi, Rayya binti Muhanna, nimeajiriwa kuijaza.
Ndogo. Ya kati. Kubwa. Tia alama moja.
Kalamu pia wametoa wao.

Hapa Adam (mji, si yule baba yetu)
neno hilo lilikuwa na kazi kabla ya fomu.
Athari ni nusu saa ya maji ya falaji.
Mama anazo tatu,
urithi wa mume aliyemtoa Unguja akamleta kwenye mawe,
na hadi leo huzihesabu kwa Kiswahili:
moja ya mitende, moja ya ndimu,
ya tatu humkodisha jirani asiyelipa.

Hamyar, arifu wa falaji, hajui safu.
Ana nguzo uwanjani na kivuli chake,
ana daftari la kijani lililoliwa pembe.
Kivuli kikigusa jiwe, unafunga.
Una harusi, unafunga. Una cheo, unafunga.
Nimemwona akimfungia shemeji yake,
sabuni ingali kichwani.

Wao watashuka kilomita nne,
halafu bomba waligeuze, lilale ubavu,
wasukume maji na mchanga na dawa
mpaka mwamba upasuke, ukohoe gesi.
Dawa gani? Siri ya biashara.
Maji kiasi gani? Malori mia sita kwa kisima,
alisema mhandisi, kijana mpole, viatu bado vina bei.
Hamyar akageuza bahasha, akapiga hesabu.
"Siku saba za falaji nzima. Usiku na mchana.
Na visima vingapi?"
Sitini.
Ukumbi ulicheka kidogo, kisha ukaacha.

"Lakini si maji yenu, mzee. Ni ya chini sana, ya chumvi."
"Na yakisharudi juu?"
"Yatakaa bwawani, juu ya plastiki."
"Plastiki ina miaka mingapi?"
Kijana akatazama karatasi zake.
Falaji haina anayejua ina miaka mingapi.

Sisemi gesi ni shetani.
Kaka yangu Thuwaini yuko mtamboni,
na Juni, joto likipita arobaini na nane,
gesi ndiyo inayopoza chumba alicholala mama.
Nami nimelipwa nusu tangulizi; nimeshanunua matairi.
Ninachotaka ni mtu wa kufunga
kivuli kikigusa jiwe.

Ukurasa wa themanini na moja, maandishi madogo:
kipimo cha kwanza cha maji, siku uchimbaji utakapoanza.
Nilisoma mara mbili.
Ndiyo kumpima mtu kitambaa
mkasi ushapita.

Basi usiku wa zamu ya mama, saa nane na robo,
tulikwenda wawili, yeye na taa ya simu,
mimi na chupa kumi na nane nilizonunua mwenyewe.
Visamaki vilinidonoa vidole.
"Wapima nini, maji si haya haya?"
"Ndiyo, mama. Nataka iandikwe kuwa ni haya haya."
Akanyamaza, akaishika taa kwa mikono miwili.

Hamyar alikuja kwa kandambili, daftari kwapani.
Akaandika tarehe mbili, ya mwezi na ya jua.
Maji yamefika ufa wa tatu wa jiwe.
Samaki wapo.
Chupa kumi na nane; mchotaji, Rayya; shahidi, mama yake.
Akapuliza wino.
Juu ya mstari huo, kwa wino huo huo,
deni la jirani: tende, vikapu viwili.

Sijui mahakama italisoma daftari hilo.
Sijui kama watanipa nusu iliyobaki.
Asubuhi niliifungua fomu.
Ndogo. Ya kati. Kubwa.
Nikaandika nje ya visanduku, pembeni, kwa kalamu yao:

Tatu.
Mwenyewe yu hai.